Wekundu wa Mama Mkwe

Machi 3

Mambo mawili yamenishukia siku moja: mvua za masika na wifi yangu. Mvua nimeizoea.

Amehamishwa kutoka maabara ya miche, ghorofa ya chini, na kuletwa kwetu, maabara ya rangi. Aliyemfikisha mezani kwangu ni mkuu wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Kiyoyozi, kwa kuwa anavuma siku nzima na akiingia chumbani kila mtu hufunga vifungo vya koti.

"Mnafahamiana?" akauliza.

"Ni dada wa mume wangu," nikasema.

"Ni mke wa kaka yangu," akasema wifi, kama mtu anayetoa maelezo polisi.

Kiyoyozi akafurahi, eti kazi sasa itakuwa ya kifamilia. Maskini msomi wa watu! Hajui kwamba mimi na huyu mama hatujasemezana tangu msiba wa mama mkwe, na kwamba siku ile tulisemezana kupita kiasi.

Machi 5

Mume wangu huniuliza ninafanya kazi gani hasa, halafu anasinzia kabla sijamaliza kujibu. Nitaandika hapa. Karatasi haisinzii.

Tunaotesha rangi. Unachukua kipande cha jani, unakiosha kwa dawa mpaka kisibaki na kidudu, unakilaza juu ya jeli yenye sukari ndani ya chupa. Baada ya muda jani linasahau kwamba lilikuwa jani. Linavimba, linakuwa donge lisilo na mzizi wala shina. Donge hilo likitunzwa inavyopasa linatoa rangi nyekundu ya kutia kwenye mtindi, peremende na vipodozi vya midomo, bila shamba wala jembe. Likikua unalikata, unahamishia kipande kwenye chupa mpya, na kinachosalia unakitupa.

Madonge yetu yalitokana na kichaka cha mama mkwe, kilichokuwa nyuma ya jiko lake. Alikuwa akichemsha majani yake na kutia rangi nyuzi za kufumia. Jani nililileta mimi. Alilichuma yeye mwenyewe na kunifungia kwenye leso. Kichaka hakipo tena. Mume wangu alikikata baada ya msiba ili tupate mahali pa kuegesha gari, gari ambalo mpaka leo hatujalinunua. Kwa hiyo wekundu wa mama mkwe umebaki ndani ya hizi chupa, hakuna kwingine.

Leo Kiyoyozi amezigawa. Nusu kwangu, nusu kwa wifi. Kila mtu atunze ukoo wake wa madonge. Masika yakiisha, ukoo mmoja utaingia kwenye tangi kubwa la chuma, mwingine utatupwa, na mtunzaji wake atapelekwa chumba cha kuoshea chupa.

"Hiki ni kitu cha mama yangu," wifi amesema, akizikumbatia chupa zake kama watoto waliookolewa kutoka kwa mwizi.

"Na aliyekileta ni mimi."

"Hata tarishi huleta. Barua haiwi yake."

Jibu zuri. Nimelikasirikia mchana kutwa kwa sababu sikulisema mimi.

Machi 10

Mvua. Wifi alihitaji kibano kilichokuwa upande wangu, akakiambia kibano chenyewe: "Ungekuwa na adabu ungekuja huku." Nimekisukuma kwa kiwiko.

Machi 18

Siku ya kuhamisha madonge. Tunakaa bega kwa bega mbele ya kabati la hewa safi, lile sanduku la kioo linalotupulizia upepo uliochujwa usoni. Limetengenezwa kwa watu wawili wanaopendana, au wawili wembamba. Mimi ni mpana, sikatai. Wifi naye si fimbo.

Sasa niandike nilichokiona, maana hapa sina wa kumficha. Donge likishiba linanenepa na kuwa jeupe, laini, la kupendeza. Likibaniwa chakula na kupigwa na mwanga wa taa ndipo linapokasirika na kuwa jekundu. Kwa hiyo siku ya kuhamisha huchukui lililonona. Unatafuta kipande kidogo, kigumu, chekundu, hata kama kina sura ya mgonjwa. Ukichukua vinono kila mara, ukoo mzima unaisahau rangi, na ukishaisahau ndiyo basi tena.

Wifi amechagua vinono vyote. Na vyekundu vyote amevitupa kwenye ndoo ya taka, kwa uangalifu mkubwa, kimoja kimoja.

Ninajua kilichomponza. Kule chini kwenye miche, kazi ni kupata mche mkubwa wenye afya, kinyonge hutupwa. Amefanya hivyo miaka yote, mkono wake haujui kingine.

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka maneno yake pale msibani, mbele ya ndugu wote, niliposema tu kwamba mama asingependa kuvalishwa ile nguo ya kijani: "Wewe ulikuja hapa na sanduku lako la nguo. Usinifundishe mama yangu."

Nikaufunga mdomo. Nilijiambia ninaheshimu maneno ya marehemu, ingawa yalikuwa ya mtu aliye hai na aliyekuwa akinikanyaga kidole cha mguu wakati huohuo.

Machi 27

Chumba cha kuhamishia kina baridi kama ofisi ya mtu mkubwa. Leo nimerudia kuvaa sweta langu chini ya koti. Kanuni inasema tusiingie na nguo za nyumbani, lakini aliyeandika kanuni hakuwahi kupigwa na baridi hii mgongoni.

Ni sweta alilonifumia mama mkwe, jekundu, la nyuzi alizozitia rangi ya kichaka chake. Alinifumia mimi. Bintiye alimfumia kofia. Limekaa miezi kwenye msumari jikoni kwangu, juu ya kikapu cha vitunguu, pale ukuta unapolia maji kila masika. Lilikuwa na harufu kidogo. Nikalikung'uta, nikavaa.

Wifi aliliangalia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akageukia chupa zake na uso umemvimba.

Wivu! Sikuonyesha kwamba nimeuona, ila nilikunja mikono ya koti ili sweta lionekane vizuri zaidi.

Machi 28

Mume wangu: "Dada hajambo kazini?"

"Hajambo. Anaua ukoo wa mama yenu."

"Mimi simo," akasema, akajiongezea mchuzi. Hajawahi kuwemo. Siku ya kukata kichaka tu ndiyo alikuwemo.

Aprili 8

Kiyoyozi amepima madonge kwenye mizani. Ya wifi ni mazito karibu mara mbili ya yangu. Amemsifu mbele ya wote, akaniuliza mimi kama ninahitaji kupumzika.

Alipotoka, wifi alisema kwa sauti, akiiambia taa ya spiriti tunayochomea visu: "Wengine madonge yao yamekonda kweli. Sijui chakula chote kinakwenda wapi." Akaniangalia kiuno.

Chumba kizima kilicheka. Hata mimi nilikaribia kucheka, nikaokolewa na chuki.

Aprili 9

Mvua. Kuhamisha tena. Ameokota vinono tena. Nimenyamaza tena.

Aprili 22

Leo tumegombana kwenye korido, hadi watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuangalia.

Wifi alizitoa chupa zake kwenye chumba cha taa, akaziweka mezani, akazitazama, akaziinua moja moja dhidi ya dirisha. Nyeupe. Zote nyeupe, zimenona kama unga uliokandwa. Akageuka kuziangalia zangu, nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Alinifuata hadi nje.

"Umenibadilishia chupa."

"Nini?"

"Usinifanye mjinga, wifi. Tulianza sawa. Zako nyekundu, zangu zimepauka kama maiti. Mkono wako umepita hapo."

"Mkono wangu? Mkono wangu ungekuwa na kazi hiyo ungeanza na mdomo wako."

"Mwizi wewe! Ulianza na kaka yangu, ukaja kwa mama, sasa mpaka kichaka!"

"Kaka yako nilipewa. Na ukimtaka, njoo umchukue kesho, na nguo zake zimeshafuliwa."

Kiyoyozi akatokea, akavuma. Alisema sisi ni kina mama watu wazima. Neno hilo lilituunganisha kwa muda mfupi; tulimwangalia wote wawili kwa namna moja, akarudi ofisini.

Sikubadilisha chupa yoyote. Lakini nilipokuwa nikipiga kelele kwamba sijamfanyia kitu, nilijua kwamba sijamfanyia kitu, na kwamba hapo ndipo penye ubaya. Angeniuliza tu, "Wifi, nimekosea wapi?" ningemjibu. Nadhani ningemjibu.

Aprili 30

Mvua haikatiki. Kikapu cha vitunguu jikoni kimeota ukungu, nimekitupa. Wifi amebadilisha kiti ili anipe mgongo.

Mei 4

Chupa yangu moja imeingia ukungu. Hutokea. Nimeitupa.

Mei 6

Chupa sita. Na ukungu wenyewe ni wa ajabu: haujaanzia sehemu moja na kutanuka. Umekaa kwa vidoadoa vilivyofuatana juu ya jeli, kimoja, kingine, kingine, kama nyayo za mtu mdogo sana aliyepita na viatu vichafu.

Ni yeye. Nani mwingine? Anafungua chupa zangu nikienda kula, anazipumulia. Nimempelekea Kiyoyozi mashtaka. Nimesema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa karatasi haisinzii lakini pia haisahau.

Mei 9

Leo nitaandika sana.

Asubuhi rafu yangu yote ilikuwa imekwisha. Kila chupa niliyoinua niliona ndani yake zile nyayo. Wekundu wa mama mkwe umefunikwa na manyoya ya kijivu. Nilikaa chini, sakafuni, mimi na upana wangu.

Kiyoyozi alichukua chupa moja akaiweka chini ya hadubini. Alikaa kimya, jambo ambalo hatujawahi kulisikia. Kisha akasema: "Utitiri."

Akanisogezea nione. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanatembea juu ya madonge yangu kwa raha zao, kila mmoja na ukungu miguuni. Wanapita chini ya kifuniko hata ukikaza vipi. Wanapenda unyevu, vyakula vilivyooza, na nguo.

"Wameingia na nini?" Kiyoyozi akauliza, akitazama dari, madirisha, ndoo.

Wifi hakuuliza. Alikuwa ananiangalia kifuani. Sweta.

Mambo yote yakanijia kwa pamoja: msumari, ukuta wa maji, kikapu cha vitunguu.

"Kule chini," wifi akasema polepole, "tulipigwa na utitiri mwaka juzi. Tulitupa miche yote. Tangu hapo tunavua hadi soksi mlangoni."

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Tangu siku ile ulipoingia nalo."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? 'Wifi, vua sweta la mama'? Ungenijibu nini?"

Nilijua ningemjibu nini. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu tangu Machi, na ile kofia yake ndani.

"Ungesema nina wivu," akasema. "Na ni kweli ninao. Miaka yote mama ananifumia kofia, kama mimi ni kichwa tu. Basi nikasema acha. Acha limle."

Kiyoyozi alikuwa anatuangalia kwa zamu kama mtu aliyeingia sinema katikati. Na hapo, sijui ilikuwa hasira au uchovu, nikasema: "Na zako hazijabadilishwa na mtu. Umeziua mwenyewe. Unachagua vinono. Rangi iko kwenye vikonde, vile unavyotupa. Nimekuona tangu siku ya kwanza."

Alikuwa ameshika chupa. Nilidhani atanirushia.

"Tangu ya kwanza?"

"Ulianza na kile kipande kizuri kuliko vyote. Ulikitupa kwenye ndoo kwa kibano changu."

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ndogo tu: "Wewe mwanamke ni mbaya."

"Na wewe."

"Na mimi."

Kiyoyozi akakata hukumu: chumba kizima kina utitiri. Kesho kutwa kila chupa, yangu na yake, itaingia kwenye jiko la mvuke na kuuawa. Kila kitambaa pia. Tutaanza na mmea mwingine, wa kununua.

"Mmea huu haupo tena," nikasema.

"Mingine ipo," akasema.

Nimerudi nyumbani na kumwambia mume wangu. Akatoka nje kwenye mvua, akasimama pale pa kuegesha gari. Nilimwacha huko. Alistahili kulowa kidogo.

Mei 10

Niliwahi, nikamkuta wifi amewahi zaidi. Amevaa koti la maabara na soksi za plastiki, amezipanga chupa zake zote mezani na kuzipitisha chini ya hadubini, chupa kwa chupa. Rafu yake ilikuwa upande wa mbali na wangu. Nyingi zilikuwa na nyayo. Chache zilikuwa safi, na zote nyeupe.

Nikavua sweta mlangoni bila kuambiwa, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki. Aliona.

Nikachukua zile safi na kuanza kuzigeuza kwenye mwanga. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kwenye moja, ubavuni mwa donge nono kama shavu la mtoto, chini kabisa, palikuwa na kidoa chekundu kisichozidi mbegu ya ufuta.

"Wifi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu msiba.

Akaja, akaona. Hakuamini, akaifuta chupa kwa nje, kidoa kikabaki.

Kiyoyozi alipofika tulikuwa tumeziba mlango wa ofisi yake wote wawili, na pakizibwa na sisi wawili pamezibika. Tulizungumza kwa pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Akakubali, nadhani ili apite. Chupa moja tu. Iwekwe peke yake, ghorofa nyingine. Utitiri ukionekana ndani yake, tunaondoka wote wawili, kazini kabisa.

Tukaketi mbele ya kabati. Mimi macho yangu ya kuonea karibu yamechoka miaka mingi. Nikampa wifi kisu. Mkono wake hautetemeki, nimeuangalia kwa chuki masika yote na sijawahi kuuona ukitetemeka.

Akafungua chupa kwenye moto. Kisu kikaenda, chenyewe, kwenye unono. Nikaona kinavyokwenda.

"Siyo hapo."

"Hapa pana afya."

"Ndiyo maana siyo hapo. Chini. Kile kigonjwa."

"Kidogo hiki? Kitakufa."

"Kikifa kimekufa. Kata chekundu tu, weupe usiuchukue hata uzi."

Akavuta pumzi. Niliona inavyomuuma kuliacha donge lile zuri. Akakata kidoa, akakilaza kwenye jeli mpya yenye chakula kidogo, akaziba. Kisha akageuka kuniangalia kwa mara ya kwanza bila taa ya spiriti katikati.

"Umeoga kabla ya kuja?"

"Nimeoga."

"Nywele?"

"Nimezifunga mara mbili."

"Basi usiiguse hata hivyo," akasema, akaibeba mwenyewe.

Mei 11

Leo tumeua vyote. Chupa baada ya chupa ndani ya jiko la mvuke, na harufu ya sukari iliyoungua imejaa jengo.

Mwishoni Kiyoyozi akauliza: "Vitambaa vyote vimeingia?"

Wifi alijishughulisha na kifuniko cha ndoo. Angeweza kusema, ilikuwa haki yake. Nikafungua mfuko, nikalitoa sweta, nikaliweka ndani kwa mkono wangu.

Lilipotoka lilikuwa limesinyaa, lisingemtosha hata mwanasesere mnene. Na rangi yote imekwenda na maji. Lilikuwa jeupe-jeupe, kama madonge ya wifi.

Nililiinua juu nione. Na wifi, Mungu amsamehe, akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Sasa," akasema, akifuta macho, "sasa nalo limekuwa kofia!"

Nilimchukia kwa moyo wote. Nikacheka pia, kwa bahati mbaya.

Mei 23

Mvua. Kidoa kipo. Hakijakua. Hakijafa.

Juni 2

Mvua imekatika. Kidoa kimekuwa kama punje ya mtama. Wifi anasema kimekua, mimi nasema amesogeza macho.

Juni 19

Kiyoyozi amekuja kuangalia. Punje imekuwa donge, dogo, gumu, lenye sura ya mgonjwa, na jekundu lote, halina mahali peupe. Tulilikata mbele yake: wifi na kisu, mimi namwelekeza. Zimepatikana chupa tatu.

"Hizi niandike ukoo wa nani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Wa mama yangu," wifi akasema.

"Wa mama mkwe wangu," nikasema.

Akaandika kitu, sijui nini. Tangi litasubiri. Na kwa kuwa mshindi hakupatikana, ametupeleka wote wawili chumba cha kuoshea chupa kila asubuhi. Mchana tunapanda juu kutunza donge.

Kwa hiyo leo nimekaa kwenye sinki na wifi yangu, bega kwa bega, hakuna upepo uliochujwa. Amenisema kwamba ninaosha kama mgeni. Nimemwambia anasuuza kama mvivu. Jiko la mvuke lilipolia, alichukua kile kisweta kilichosinyaa kutoka kwenye msumari, akafungua mlango wake wa moto, akatoa chupa kwa kuzishikia nacho ili asiungue, kisha akanirushia.

"Zamu yako. Na lisidondoke, ni la mama."